Hesabu Inakoma kwa Mtoto wa Tatu

Rodell Gaddis hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa nyumba ya dada yake Jumamosi asubuhi, viatu vyake vya kiwanda cha mbao vikiacha unga wa msumeno sakafuni, akaitupa bahasha ya serikali juu ya meza, katikati ya mabakuli ya uji wa mahindi. Watoto wanne waliokuwa wakila waliinua vichwa. Mdogo wao, Amariah, msichana wa darasa la tatu, alilivuta bakuli lake pembeni lisije likamwagika.

"Wameizuia," Rodell alisema.

"Na wewe umeamkaje," Verlene alimjibu. Alikuwa amesimama jikoni akijifunga plasta vidoleni. Wiki nzima alikuwa kwenye mkanda wa kunyofoa mifupa ya kuku, na viungo vya mikono vilikuwa vimemvimba. "Nani kazuia nini?"

"Usijifanye hujui. Pesa ya Amariah. Wanataka nithibitishe kwamba anakaa kwangu, zaidi ya nusu ya mwaka. Kwangu mimi! Kitanda chenyewe cha kumlaza sina."

Verlene aliwageukia wanawe. "Tokeni nje."

"Kuna baridi, mama," alisema mkubwa wao.

"Nimekuuliza hali ya hewa? Vaeni makoti mtoke."

Katika mji ule wa Alabama, wenye kiwanda cha kuku upande mmoja na kiwanda cha mbao upande wa pili, Februari ndiyo iliyokuwa mwezi wa mavuno. Mfanyakazi wa kipato kidogo mwenye watoto alipopeleka hesabu zake za kodi, serikali ilimrudishia alichokatwa na kumwongezea juu yake. Nyongeza hiyo ilipanda kwa mtoto wa kwanza, ikapanda kwa wa pili, ikapanda kwa wa tatu, kisha ikakoma. Wa nne hakuongeza hata senti. Basi watu walikuwa wamejitungia desturi: mwenye watoto wanne alimwandikisha wa nne kwa ndugu yake asiye na mtoto, na fedha zilipotoka waligawana nusu kwa nusu. Hawakuiita wizi. Waliita kumwazima mtoto. Kila ukoo ulikuwa na mtoto wake wa kuazimwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Ulikuwa uongo hata hivyo, na shida za wausemao hazikuugeuza kuwa kitu kingine.

Fedha za Verlene mwenyewe, za wale watatu, zilikuwa zimekwisha kuingia na kwisha, zote zikimezwa na kodi ya nyumba iliyolimbikizwa tangu kiangazi. Nusu ya fedha za Amariah ilikuwa ya giaboksi. Gari lake lilikuwa kwa fundi Cleophus, limepandishwa juu ya magogo, na Cleophus alikuwa amesema waziwazi kwamba mwezi ukiisha ataliuza kwa vipuri. Bila gari, Verlene alikuwa mtu wa kuombaomba lifti. Alipanda kwa Odessa, mwenzake wa mkanda mmoja, aliyemtoza fedha ya petroli na kumsimanga juu yake. "Mkae vizuri huko nyuma," Odessa alizoea kusema mbele ya abiria wengine, "leo nimembeba binti wa Shemasi, mwenye gari lake." Siku ambayo Odessa hakwenda kazini, Verlene alichelewa, na kiwandani kila kuchelewa kulikuwa na alama yake. Alama zilipojaa, mtu alinyang'anywa kadi yake getini. Za Verlene zilikuwa karibu kujaa.

"Sasa unataka nifanye nini?" alimwuliza kaka yake.

"Nataka uvae koti twende kwa yule mwanamke aliyetuingiza humu. Na kumbuka jambo moja, dada. Namba ya mtoto sikuiokota barabarani. Ulinipa wewe, kwa mkono wako. Nikizama, tunazama wote."

*

Ofisi ya hesabu za kodi ilikuwa kati ya duka la kuweka rehani na kibanda cha samaki wa kukaanga. Ilifunguliwa Januari na kufungwa Aprili, na miezi mingine kioo chake kilifunikwa magazeti. Barabarani mbele yake alisimama Big Lucius, mtu mzima aliyewahi kuwa fahari ya timu ya mpira ya shule yao, sasa amevalishwa gauni la kijani na taji la sponji mfano wa Sanamu ya Uhuru, akicheza na kuyapungia magari bango.

"Dada Verlene!" aliita alipowaona. "Umeongeza mwingine? Leta tumwandikishe!"

"Vuta gauni lako, Lucius, goti liko nje," Verlene alimjibu bila kusimama.

Bi. Tonette, mwenye ofisi, aliisoma barua ya Rodell akiwa ameinua kidevu, kana kwamba ilikuwa na harufu. Kisha akairudisha juu ya meza na kuisukuma kwa ncha ya ukucha.

"Mimi huandika ninachoambiwa na mteja," alisema.

"Wewe ndiye uliyeniuliza," Verlene alisema. "Nilikaa kiti hiki hiki. Ukaniambia, wa nne hana faida kwako, je, katika ukoo wenu nani hana mtoto?"

"Mimi?" Bi. Tonette aliwatazama wateja waliokuwa wakingoja kwenye viti vya plastiki. "Bi. Verlene, una shahidi? Maana hapa ni mahali pa kazi, na hilo unalolisema lina jina lake mahakamani."

Wateja waliinamia simu zao. Karibu kila mmoja wao alikuwa ameulizwa swali hilo hilo, na hakuna aliyefungua kinywa.

"Basi turudishie ada yetu," Rodell alisema.

"Ada hairudi, kaka. Soma pale ukutani." Alitafuna bazoka yake kidogo, akawahurumia, au akataka tu waondoke. Alishusha sauti. "Wanakubali barua. Ya shule, ya daktari, au ya kanisa. Shule itasema ukweli. Daktari ana mafaili. Kanisa, sasa..." Alitabasamu. "Mzee wenu si ndiye anayeshika muhuri?"

*

Mchungaji wa kanisa lao alikuwa na makanisa mawili, na kwao alihubiri Jumapili ya kwanza na ya tatu tu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa baba yao, Shemasi Lemuel Gaddis. Ndiye aliyeandika barua za waliohamia Detroit, za waliozaliwa, za waliofariki, kwa mwandiko wa kulala aliofundishwa kwa fimbo, na ndiye aliyezigonga muhuri. Kwa umri wake hakuhitaji kuogopa mtu, naye hakuogopa. Wanawe walimheshimu hivyo hivyo walivyoheshimu radi.

Kesho yake, Jumapili, walikula kwake baada ya ibada: kuku, mboga za majani zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe, mkate wa mahindi. Shemasi alikula bila kulegeza tai. Watoto walilishwa barazani, nje ya dirisha. Asubuhi ile Verlene alikuwa amemkaripia Amariah kwa kwenda kanisani na mkoba wa shule mgongoni, umevimba kama wa msafiri. Mtoto hakuuvua, na hata sasa alikula nao ukiwa miguuni pake.

Rodell alingoja baba yake afute mdomo, ndipo akatoa karatasi mfukoni.

"Nimekwisha iandika, baba. Wewe ni kuinakili tu kwenye karatasi ya kanisa na kugonga."

Shemasi alivaa miwani. Alisoma taratibu, akaikunja karatasi ile, akaiweka chini ya sahani yake kama mtu anayeuzuia mguu wa meza usiyumbe.

"Hapana," alisema.

"Baba..."

"Mtoto huyu nimemwona kila siku ya Mungu akitoka nyumba ya mamaye. Wewe waniambia niandike kwamba anakaa kwako, niweke na jina la kanisa chini yake. Hapana. Mpe dada yako mboga."

"Mboga?" Rodell alisukuma kiti nyuma. "Mwanao anakaribia kufilisika, wewe wasema mboga! Uliandika barua ya Shemasi Simms kwamba ameacha pombe, na muhuri ukagonga!"

"Alikuwa ameacha."

"Kwa wiki nzima!"

"Na barua niliiandika wiki hiyo."

Verlene aliweka uma chini. Alikuwa amekuja akitumaini kwamba kaka yake ndiye atakayesema yote, na yeye atabaki na mikono safi. Sasa aliona giaboksi ikimponyoka mbele ya macho yake, na hasira ikampanda, si kwa Rodell, bali kwa yule mzee aliyekaa wima.

"Baba, unyofu wako una bei," alisema. "Na anayeilipa si wewe. Ni mimi, nikibanwa ubavuni kwa Odessa, nikisimangwa alfajiri na mapema mbele ya watu. Wewe pensheni yako inaingia. Mimi nikipewa alama nyingine mbili, nafukuzwa. Wajukuu wako wanne hawa, utawalisha barua?"

"Usinipandishie sauti mezani kwangu."

"Kwani paa la kanisa lilitengenezwa na nini? Mwaka juzi nilipokuja na zaka nene Februari, uliniuliza imetoka wapi? Uliinua mikono ukamshukuru Mungu. Ulijua. Mji mzima unajua!"

Shemasi alivua miwani. Ngozi ya shavu lake ilicheza kidogo.

"Nilijua," alisema. "Nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeniomba niweke jina langu. Hilo ni deni langu, nitalibeba mwenyewe. Halinifanyi niongeze la pili."

"Maneno!" Rodell aliguta. "Maneno matupu! Basi ngoja nikuonyeshe kama ni jambo gumu hivyo. Mtoto wa miaka minane analiweza, wewe mzee mzima linakushinda. Amariah! Njoo hapa!"

Amariah aliingia akiburuta mkoba wake. Rodell alimsimamisha mbele ya babu yake na kumshika mabega kwa nyuma.

"Mwambie babu unakaa wapi."

Mtoto alimtazama mama yake. Verlene aliangalia pembeni. Jumamosi usiku, Rodell alipopiga simu kuuliza kama mtoto ataweza kujibu akihojiwa, yeye mwenyewe alikuwa amemwambia binti yake, Mjomba akikufundisha la kusema, lishike.

"Nakaa na Mjomba Rodell," Amariah alisema kwa sauti ya kusoma shairi shuleni. "Mtaa wa Depo, nyumba ya bluu. Chumba changu kiko upande wa nyuma. Nina kitanda changu peke yangu, na shuka za njano."

Rodell aliangua kicheko. "Mmesikia? Shuka za njano! Hizo kaongeza mwenyewe, sikumfundisha!"

Hakuna aliyecheka naye. Shemasi aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mjukuu wake.

"Amariah, huo mkoba una nini?"

"Nguo zangu."

"Za nini?"

"Za kuhamia kwa Mjomba." Alisema kwa upole, kama anayewakumbusha watu wazima jambo walilolisahau. "Nilisikia jana, dirishani. Mama ana watatu wanaoongeza. Mimi siongezi kitu, ndiyo maana Mjomba kapewa mimi. Nimefunga mwenyewe ili mama asichoke. Ila shuka sina, babu, ndiyo nikasema za njano. Nilidhani labda kule zitakuwepo."

Kijiko kilianguka mahali fulani jikoni, au labda barazani. Verlene alinyanyuka. Alimvuta mtoto, akaufungua mkoba. Ndani mlikuwa na nguo za ndani zilizokunjwa vizuri, sweta, mswaki uliofungwa kwa karatasi ya jikoni, na viatu vya Pasaka vya mwaka jana ambavyo havikuwa vikimtosha tena. Vitu vizuri vyote mtoto alikuwa ameviacha nyumbani, vibaki kwa ndugu zake.

"Nani kakwambia kuna mtu kapewa wewe?" alisema, na sauti ilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka.

"Jina langu liko kwake," Amariah alisema. "Siyo kwako."

Hilo lilikuwa kweli, na Verlene aliufunga mkoba.

"Haya, mtoto kasema yake, mpeni keki aende akacheze," Rodell alisema. "Baba, muhuri."

"Ondoa karatasi yako chini ya sahani ya baba," Verlene alisema.

"Ati?"

"Umesikia. Baba, tafadhali, leta karatasi za kanisa na muhuri."

Shemasi alikunja uso. "Nimekwisha kukuambia kwamba uongo siandiki."

"Sijakuomba uongo. Andika kwamba Amariah anakaa kwangu. Andika tangu alipozaliwa, kwamba hajapata kukaa penginepo. Mimi nitaituma."

Rodell alisimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Una wazimu? Watanidai miaka yote! Watanikata mpaka nizeeke! Dada, nilikugawia nusu, kila mwaka, kwa uaminifu! Nani alikununulia friji ile? Nani?"

"Wewe. Na mimi nilikuuzia mtoto kwa friji." Verlene aliukumbatia mkoba. "Waambie nilikupa namba mimi. Nami nitawaambia hivyo hivyo. Lakini jina lake silitaki kwako hata kwa siku moja zaidi."

"Giaboksi je? Utaenda kazini kwa mabawa ya kuku?"

"Toka, Rodell."

"Hii ni nyumba ya baba yangu!"

"Umesikia dada yako," Shemasi alisema, naye alikuwa tayari amenyanyuka kufuata kalamu.

Rodell aliichukua karatasi yake, akaipasua vipande mbele yao, akavimwaga ndani ya bakuli la mboga. Mlangoni aligeuka. "Mkifa njaa msinipigie simu," alisema. Pikapu yake iliondoka kwa kishindo, ikimwacha mbwa wa jirani akibweka kwa muda mrefu.

Shemasi aliandika mezani pale pale, kati ya sahani chafu, kwa mwandiko wake wa kulala. Hakuuliza swali. Alipofika kwenye jina la mtoto alimwita Amariah aje aone linavyoandikwa. Kisha akampa muhuri agonge mwenyewe, kwa mikono miwili.

*

Asiyejua maisha atadhani kwamba mambo yalitengenea. Hayakutengenea. Cleophus aliliuza lile gari kwa vipuri, na Verlene akakiona kifuniko cha gurudumu lake kikizunguka kwenye gari la mtu mwingine. Rodell alidaiwa fedha za miaka iliyopita, akakatwa kidogo kidogo, akahamisha ibada yake kwa Wamethodisti ili asikae safu moja na nduguye. Verlene naye aliletewa barua ya kuhojiwa, akajibu kweli tupu, na kiangazi chote kila gari la posta liliposimama mbele ya nyumba alikimbilia dirishani. Haikuja barua nyingine. Mjini walimwita mwenye kanisa ndani ya bahasha, kwa ile barua aliyoituma yenye muhuri. Odessa alikataa kumpakia: "Gari langu halibebi watu wanaowaandikia serikali, shoga."

Alfajiri ya Jumatatu iliyofuata kukataa kwa Odessa, pikapu kuukuu ya Shemasi ilikuwa imesimama nje ya mlango wake, taa zimewashwa. Mzee hakupiga honi wala hakushuka. Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya kazi, mwaka mzima. Njia nzima waligombana, juu ya hita, juu ya Rodell, juu ya friji, juu ya paa la kanisa, na walipofika getini mzee alisema, "Unachelewa," hata kama hakuwa amechelewa.

Februari iliporudi, Verlene alikwenda tena kwa Bi. Tonette, kwa kuwa mji ule haukuwa na ofisi nyingine. Big Lucius alikuwa barabarani katika gauni lake la kijani. Safari hii hakutania. Alishusha bango mpaka walipopita, Verlene akiwa amemshika Amariah mkono.

Bi. Tonette alichapa bila kuwatazama. "Watoto?"

Verlene alimtajia majina, kuanzia mkubwa. Alipotaja la tatu, yule mwanamke akapiga kitufe kumaliza.

"Bado," Verlene alisema. "Amariah Gaddis."

"Bi. Verlene, tumekwisha yapitia haya. Hesabu inakoma kwa wa tatu. Huyo hakuongezei kitu."

Wateja kwenye viti vya plastiki waliinua macho.

"Sikukuuliza anaongeza nini," Verlene alisema. "Wanangu ni wanne. Andika wanne."

Bi. Tonette alihema, akavuta kibodi. Amariah alikuwa amepanda na magoti yake juu ya kiti ili aweze kuona kioo cha kompyuta, na alilifuatilia jina lake herufi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza, mpaka likakamilika chini ya yale mengine matatu. Kisha akateremka, akaketi vizuri. Hakuwa na mkoba.